Kabla hujatoa kishika uchumba kwa Sheltie au Corgi: mbwa wadogo wa kuchunga mifugo kama mbwa wa familia

Mleta mada (Leeds, Uingereza)

Ndugu wadau, nimeona niandike kwa kirefu kuhusu jambo ambalo naulizwa mara kwa mara na Watanzania na Wakenya wenzangu tunaoishi huku, na siku hizi pia na watu wa Nairobi na Arusha. Familia yenye watoto inataka mbwa, haitaki mbwa mkubwa wa kuvunja vyombo, na imevutiwa na zile aina ndogo za mbwa wachungaji, hasa Shetland Sheepdog, ambaye wengi humwita Sheltie, na Pembroke Welsh Corgi, yule aliyejulikana dunia nzima kupitia Malkia Elizabeth wa Pili. Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyekubaliana nao ajiandae kunijibu: udogo wa mbwa hawa uko kwenye umbo tu. Kazi waliyozalishiwa imo ndani yao nzima nzima, na familia inayochagua kwa kupima kimo bila kuuliza kazi ndiyo baadaye inayotafuta mtu wa kumpa mbwa.

Mbwa mchungaji hachungi kondoo kwa sababu anawapenda. Anachofanya ni uwindaji uliokatizwa njiani. Mbwa mwitu hukazia macho, hunyatia, hufukuza, hukamata na mwishowe huua, na wafugaji wa Ulaya, kizazi baada ya kizazi, walichagua mbwa ambao mfululizo huo ndani yao unakoma kabla ya kuua, kila eneo likabakiza hatua iliyoifaa mifugo yake. Border Collie alibakiziwa jicho kali na kunyatia. Mbwa wa kuswaga ng'ombe, kama Corgi na Lancashire Heeler, walibakiziwa kung'ata kisigino cha mnyama mkubwa na kulala chini upesi ili teke lipite juu ya kichwa, na miguu yao mifupi ndiyo iliyowafaa kwa hilo. Sheltie alibakiziwa sauti. Kwa hiyo mtoto wa miaka minne anayekimbia sebuleni huku akipiga mayowe, machoni pa Corgi ni ndama aliyetoka kundini, na kung'atwa kisigino hapo hakutokani na ukali wala malezi mabaya. Ni kazi imefanyika mahali pasipostahili. Inazuilika kwa mafunzo yanayoanza mapema, lakini aliyeambiwa na muuzaji kwamba "huyu ni mpole, hang'ati" hajaambiwa habari kamili.

Niseme kwanza juu ya Corgi, kwa kuwa ndiye anayependwa zaidi kwenye picha. Wako wa aina mbili, Pembroke na Cardigan, wote wa magharibi ya Wales, na Kennel Club ya Uingereza, chama kinachosajili mbwa wa ukoo, iliwatenganisha kuwa aina mbili kamili mwaka 1934. Pembroke ana kimo cha sentimita 25 hadi 30 begani na uzito wa kilo 10 hadi 13 hivi, yaani ni mbwa mzito kuliko anavyoonekana. Cardigan ni mkubwa kidogo, ana mkia mrefu na masikio mapana. Malkia aliingiwa na mapenzi ya Corgi akiwa mtoto, baba yake alipoleta nyumbani yule aliyeitwa Dookie mwaka 1933, na alipotimiza miaka 18 mwaka 1944 akapewa Susan, ambaye kizazi chake kilijaza kasri. Katika maisha yake alifuga zaidi ya 30. Watu huishia hapo katika kusimulia, lakini wafanyakazi wa kasri waling'atwa visigino mara nyingi, na mwaka 1991 Malkia mwenyewe aling'atwa mkono wakati akiamua ugomvi wa mbwa wake, akashonwa nyuzi. Hawa walikuwa mbwa wenye watumishi, bustani na matembezi kila siku.

Afya ya Corgi ina mambo mawili ambayo mnunuzi lazima ayaelewe. Miguu ile mifupi ni matokeo ya jeni inayodumaza mifupa, na jeni za namna hiyo huambatana na diski za uti wa mgongo kukauka mapema na kuchomoza, hali inayoweza kumpooza mbwa kwa siku moja. Ndiyo maana Corgi haachwi kuruka kutoka kwenye kochi na kitandani kila mara, hapandishwi na kushushwa ngazi bila kiasi, na haruhusiwi kunenepa. Kunenepa ndiko kugumu kukuzuia, kwa kuwa ni mlafi wa kupindukia na watoto humdondoshea chakula chini ya meza. Jambo la pili ni ugonjwa wa uti wa mgongo unaowajia uzeeni, ambapo miguu ya nyuma hudhoofu polepole bila maumivu hadi mbwa hawezi kusimama. Kasoro ya jeni inayohusika, katika jeni iitwayo SOD1, imeenea sana kwa Pembroke, ingawa si kila aliyeirithi huugua. Kipimo cha jeni kipo, na mzalishaji makini atakuonyesha matokeo bila kuombwa mara mbili.

Sheltie ndiye ninayemfuga, kwa hiyo mnaweza kunishutumu kwa upendeleo. Asili yake ni visiwa vya Shetland, kaskazini kabisa ya Uskochi, ambako kila kitu ni kidogo, farasi na kondoo vilevile, na ambako mashamba hayakuwa na uzio. Kazi kubwa ya mbwa ilikuwa kuwafukuza kondoo wasiingie kwenye mazao, na alifanya hivyo kwa kubweka. Kennel Club ilimtambua mwaka 1909 kwa jina la Shetland Collie, wafugaji wa Collie, mbwa mchungaji mkubwa wa Uskochi, wakalipinga vikali jina hilo, na mwaka 1914 akapewa jina la sasa. Wafugaji wale walikuwa na hoja nusu tu, kwa sababu damu ya Collie iliingizwa kwa makusudi ili kumpendezesha, na matokeo yake yanaonekana hadi leo: kipimo cha Uingereza kinataka dume wa sentimita 37 na jike wa 35.5, lakini katika uzao mmoja unaweza kupata mtoto anayekua hadi sentimita 42 au zaidi. Kwa familia hilo si tatizo. Tena mbwa aliyezidi kimo cha maonyesho mara nyingi huuzwa kwa bei nafuu akiwa mzima wa afya.

Tabia yake ni ya kipekee. Anajifunza haraka mno, na katika mashindano ya kuruka vizuizi, kati ya mbwa wa kimo chake, yeye ndiye anayeongoza mara kwa mara. Ni mwepesi wa kuumia moyoni. Nyumba yenye kupigiana kelele humfanya awe mwoga na wa kujificha nyuma ya makochi. Kwa wageni hujitenga, na mgeni anayemwinamia kwa kishindo atabwekewa. Na kubweka kwenyewe ndiko kunakowashinda wengi. Hubwekea mlango, gari la taka, ndege bustanini, na hasa kitu chochote kinachotembea kwa kasi. Watoto wangu wanapocheza mpira uani, wetu hazunguki na mpira hata kidogo; huzunguka nje ya wachezaji kwa duara pana, tumbo likikaribia nyasi, na mmoja akichomoka kwenda kuuchukua mpira uliotoka, humkata mbele na kumbwekea hadi arudi kwa wenzake. Anaweza kufundishwa kunyamaza kwa amri, lakini hawezi kufundishwa kutokuwa na la kusema. Mwenye jirani ukuta kwa ukuta na afikirie hapo.

Manyoya ni ya tabaka mbili, ya nje marefu na makavu, ya ndani mafupi na mazito kama sufi. Kumchana mara moja au mbili kwa wiki kunatosha, isipokuwa wakati wa kupukutisha, ambapo kila siku unatoa konzi nzima. Nyuma ya masikio ndipo manyoya hufungamana kwanza, na fundo likiachwa pale hugeuka gamba linalovuta ngozi, mbwa akaanza kulia ukimgusa kichwa. Corgi naye asiwadanganye kwa manyoya mafupi. Hupukutisha mwaka mzima, na ya kwake hujichoma kwenye zulia kiasi kwamba mashine ya kufyonza vumbi haiyatoi.

Wengine nitawapitia upesi. Lancashire Heeler ni mdogo, mchangamfu na shupavu, lakini hata hapa kwao ni adimu na orodha za kusubiri ni ndefu. Marekani walimwingiza rasmi kwenye orodha yao mwaka 2024 tu. Swedish Vallhund anafanana na Corgi aliyevaa koti la mbwa mwitu, na alikaribia kutoweka hadi Waswidi wawili walipomwokoa miaka ya 1940. Miniature American Shepherd, aliyeanza kuzalishwa California mwishoni mwa miaka ya 1960, ni mzuri sana ila nguvu zake zinamfaa mtu anayekimbia kila asubuhi, si mtu anayekusudia kuanza kukimbia akishapata mbwa.

Kuhusu kununua, hapa Uingereza sheria inasaidia. Tangu Aprili 2020, England imepiga marufuku madalali kuuza watoto wa mbwa walio chini ya miezi sita, kwa hiyo unanunua kwa mzalishaji mwenyewe na una haki ya kumwona mtoto akiwa na mama yake. Mtazame mama zaidi ya mtoto. Mama anayejificha, anayetetemeka au anayemfokea mgeni amekwisha kukueleza nusu ya habari ya watoto wake, kwa sababu woga wa Sheltie hurithiwa na pia huigwa. Na ukiona mzalishaji anajisifu kwa watoto wengi weupe karibu mwili mzima wenye macho ya buluu, uliza rangi za wazazi wote wawili. Rangi ile ya kijivu yenye madoa meusi iitwayo merle ikiwa kwa mama na kwa baba, wastani wa robo ya watoto hurithi nakala mbili za jeni hiyo, na wengi wa hao huwa viziwi, vipofu au vyote viwili. Anayepandisha merle kwa merle kwa kujua si wa kumpa fedha yako.

Nakaribisha maoni.

Mchangiaji (Nairobi)

Dada, nashukuru kwa maelezo, lakini naomba kutofautiana nawe kwa heshima. Sisi tulio huku nyumbani kwa nini tuhangaike na mbwa wa visiwa vya baridi, wakati mbwa wa kienyeji yupo, anahimili kupe, anakula tunachokula na hana hizo jeni za kupooza? Mimi nimekulia Narok, na mbwa wa boma walikuwa wakitembea na mifugo kutwa nzima bila mtu kuwafundisha chochote. Naona kama tunanunua jina na picha.

Mleta mada

Kaka, sitakupinga katika yote. Mbwa wa kienyeji aliyechanjwa na kulelewa na watu tangu ana wiki nane ni mbwa bora wa familia, na kwa mtu anayetaka tu mwenzi na mlinzi, ningemshauri huyo kwanza. Ila mbwa wa boma ulilolitaja hawakuwa wakichunga kwa maana ninayoizungumzia. Walikuwa wakifuatana na mifugo na kupiga kelele akitokea fisi au mgeni, huku mwenye kuwageuza ng'ombe akiwa ni mchungaji na fimbo yake. Hawana ile hamu ya kukusanya kila kinachokimbia. Kwa nyumba yenye watoto wadogo, kukosekana kwa hamu hiyo ni faida, na katika hilo nakupa ushindi.

Anayemtaka Sheltie ni mtu anayetaka mbwa wa kufanya naye kitu: kumfundisha, kushindana, kutembea naye kila siku kwa saa moja hivi na kumpa kichwa chake kazi. Asiyetaka hayo, hata akiwa na fedha, asimchukue.

Mchangiaji (daktari wa mifugo, Arusha)

Naomba kuongeza jambo ambalo kwa mazingira yetu naliona ni kubwa kuliko diski na manyoya, nalo ni ivermektini, dawa ya mifugo ya kuua minyoo na wadudu wa ngozi. Katika maduka yetu ya dawa za mifugo, ile sindano ya ng'ombe ya asilimia moja inauzwa kwa yeyote, na ni desturi kwa mwenye mbwa mwenye upele au kupe kwenda kuchomewa "kidogo" na mtu wa dukani. Kwa mbwa wengi hupita salama. Kwa baadhi ya mbwa wachungaji ni kifo.

Sababu yake ni kasoro katika jeni iitwayo MDR1, ambayo watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington State nchini Marekani waliieleza mwaka 2001. Jeni hiyo hutengeneza protini inayofanya kazi ya kutoa dawa fulani kwenye ubongo na kuzirudisha kwenye damu. Ikiwa na kasoro, dawa inaingia ubongoni na kujikusanya humo. Mbwa huanza kutokwa udenda, mboni za macho zinatanuka, anayumba kama mlevi, anapoteza kuona, anatetemeka, kisha anazimia, na hakuna dawa ya kuondoa sumu hiyo. Tunachoweza ni kumtunza kwa dripu, kumlisha na hata kumsaidia kupumua kwa siku nyingi tukingoja mwili uitoe wenyewe.

Kwa takwimu za chuo hicho, karibu asilimia 70 ya Collie wana kasoro hiyo, Australian Shepherd karibu nusu, Sheltie karibu asilimia 15, na German Shepherd, ambaye ndiye mbwa wa ukoo aliyejaa zaidi katika nyua za Arusha, Dar es Salaam na Nairobi, karibu asilimia 10. Sasa fanyeni hesabu pamoja nami. Dawa ya asilimia moja ina miligramu 10 katika kila mililita. Mbwa mwenye kasoro kamili, yaani aliyeirithi kwa baba na kwa mama, anaweza kudhurika kwa mikrogramu 100 tu kwa kila kilo ya uzito. Kwa Sheltie wa kilo 9 hiyo ni miligramu 0.9, yaani chini ya sehemu ya kumi ya mililita moja. Hicho ni kiasi ambacho mtu wa dukani hata hawezi kukisoma vizuri kwenye bomba la sindano analolitumia kwa ng'ombe. Na si sindano tu: mbwa anayelamba kinyesi cha farasi au ng'ombe aliyetoka kupewa dawa hiyo anaweza kuipata humo. Loperamide, kidonge cha binadamu cha kuzuia kuhara, nacho kiko kwenye orodha ya dawa za kumkwepesha.

Vidonge vidogo vya kila mwezi vya kuzuia minyoo ya moyo vina ivermektini kwa kiwango cha chini sana na havina shida kwa mbwa hawa, kwa hiyo msiogope jina lenyewe. Kinachoua ni kiasi cha dawa. Kwa kupe, vidonge vya kutafuna vya kundi la isoxazoline vimejaribiwa kwa mbwa wenye kasoro hii na kuonekana salama, ila mbwa mwenye kifafa asipewe bila ushauri wa daktari. Kipimo cha MDR1 hufanywa kwa kupangusa ndani ya shavu kwa kijiti cha pamba. Kwa anayeagiza Sheltie kutoka nje, ningesema matokeo ya kipimo hicho yatangulie kabla ya tiketi ya ndege.

Kupe wenyewe wasipuuzwe. Kupe wa kahawia wa mbwa huzaliana hata ndani ya nyufa za ukuta wa banda, naye ndiye anayeeneza ugonjwa wa Ehrlichia, ambao huanza kwa homa na kukosa hamu ya kula na unaweza kuishia kwa damu kutoka puani. Katika manyoya ya tabaka mbili kupe haonekani kwa macho. Anatafutwa kwa vidole, masikioni, kati ya vidole vya miguu na chini ya ukanda wa shingo.

Mchangiaji (Mombasa)

Assalaam alaykum. Dada yangu, mimi nina watoto wanaonililia mbwa, na mke wangu hataki kusikia. Sisi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na nimesoma mahali kwamba mbwa wa kuchunga ameruhusiwa. Je, nikimnunua huyu Sheltie, kwa kuwa ni mbwa mchungaji, si nimo ndani ya ruhusa hiyo?

Mleta mada

Waalaykum salaam, kaka. Mimi si mwanachuoni na la kwanza nitakalokuambia ni kumuuliza shekhe unayemwamini. Ninavyolifahamu suala hili, hadithi zilizomo katika Bukhari na Muslim zinasema kwamba anayefuga mbwa hupungukiwa malipo yake kila siku, isipokuwa awe mbwa wa mifugo, wa kuwinda au wa shamba. Kinachoangaliwa hapo ni kazi anayoifanya mbwa huyo kwa mwenyewe. Sheltie anayelala kwenye zulia Nyali bila hata mbuzi mmoja ni mbwa wa kufurahiwa, hata kama babu zake walichunga. Ungekuwa na shamba Kilifi lenye kondoo wa kweli na mbwa akawa kazini, ingekuwa habari nyingine.

Pamoja na hayo, kwa Shafi mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wamaliki wana rai tofauti, lakini nyumba yenu haifuati rai hiyo, na Sheltie ni mbwa wa kulamba mikono, uso wa mtoto na kila kilichoachwa mezani. Mkeo hajakataa bure. Kama mama wa nyumba ndiye atakayebeba mzigo wa twahara kila siku, mbwa yule ataishi maisha ya kufukuzwa chumba hadi chumba, na nimekwisha sema jinsi Sheltie anavyoumia kwa kufokewa.

Mchangiaji (Minnesota, Marekani)

Naunga mkono kuhusu Corgi, maana sisi tunaye Pembroke na watoto watatu. Kisigino ni kweli. Kilichotusaidia ni kumfundisha mtoto kabla ya mbwa: mbwa akianza kufukuza, simama kama mti, mikono kifuani, usimtazame. Mchezo ukifa, mbwa huacha. Wakati huohuo mbwa alifundishwa kuja kuchukua mpira mdomoni kila aliposikia watoto wakianza kukimbia, kwa kuwa mdomo wenye mpira haung'ati. Kumpiga au kumkaripia hakukufua dafu. Kulimfanya ang'ate kimyakimya bila kubweka kwanza, jambo ambalo ni baya zaidi.

La pili ni chakula. Wageni wetu wa nyumbani hupenda kumwekea mbwa makombo ya pilau. Vitunguu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa, na zabibu kavu zinaweza kuua figo zake, kwa hiyo sahani ya pilau yenye zabibu ina hatari mbili. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo hupasuka vipande vyenye ncha. Tumebandika karatasi kwenye mlango wa friji kwa Kiswahili na Kiingereza, na bado namkuta mjomba akidondosha kitu chini ya meza.

Mchangiaji (Dar es Salaam)

Mimi ni mama wa watoto wawili, mkubwa ana miaka saba na mdogo mitatu. Tunakaa Mbezi, nyumba ina ua wa wastani, na kuna joto kama mnavyolijua. Mume wangu amepata mtu wa Nairobi anayeuza mtoto wa Sheltie. Nilifikiri tumnyoe ili asiteseke na joto. Naombeni ushauri wa moja kwa moja, kabla hatujalipa.

Mleta mada

Dada, kwa moja kwa moja: msimnyoe kamwe, na kwa sasa ningewashauri msimchukue.

Manyoya ya tabaka mbili humkinga na jua kama yanavyomkinga na baridi, hewa ikipita katikati yake. Ukiyanyoa unaiacha ngozi wazi kwa jua, na mara nyingi hurudi vibaya, ya ndani yakiota haraka na ya nje kuchelewa, akabaki na sufi inayohifadhi joto na kukusanya kupe. Kinachomsaidia ni kuchanwa vizuri ili manyoya ya ndani yaliyokufa yatoke, kivuli, maji, feni sakafuni, na matembezi kabla jua halijachomoza au baada ya Isha. Nairobi iliyo mita 1,700 juu ya bahari na Arusha iliyo mita 1,400 zinamvumilia. Dar es Salaam ya Januari, yenye joto na unyevu kwa pamoja, inamfungia ndani kutwa, na Sheltie aliyefungiwa ndani bila kazi hujitafutia kazi ya kubweka.

Kikubwa kwangu hata hivyo si joto, ni huyo wa miaka mitatu. Umri huo ndio wa kuvuta mkia, kumwangukia mbwa akilala na kukimbia ovyo huku akipiga mayowe, na mtoto wa mbwa naye anahitaji utulivu katika wiki zilezile anazojifunza kama dunia ni salama, ambazo huisha akiwa na miezi mitatu au zaidi kidogo. Mkingoja hadi mdogo afike miaka mitano au sita, atakuwa na uwezo wa kushiriki katika mafunzo badala ya kuwa kondoo wa kuchungwa. Msipoweza kungoja, tafuteni mbwa mzima wa miaka miwili au mitatu ambaye tabia yake imekwisha kujulikana na ambaye amewahi kuishi na watoto. Si lazima awe Sheltie.

Mchangiaji (daktari wa mifugo, Arusha)

Naafiki. Niongeze kwa mama wa Mbezi kwamba mbwa yeyote mtakayemchukua, wa ukoo au wa kienyeji, apate chanjo ya kichaa cha mbwa akitimiza miezi mitatu na kurudiwa kwa ratiba atakayopangiwa na daktari, na kabla ya hapo aanze chanjo za parvo na distempa, magonjwa ya virusi ambayo ndiyo yanayoua watoto wengi wa mbwa. Na mtoto wenu aking'atwa au kukwaruzwa na mbwa asiyejulikana hali yake ya chanjo, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Msingoje kuona kama mbwa ataugua.

Mchangiaji (Dar es Salaam)

Nimewaelewa, na nimemwonyesha mume wangu. Anasema kishika uchumba hakijatoka, ila anauliza: kama tukingoja hadi mdogo akue, tumuulize nini huyo muuzaji ili tujue kama ni mtu wa kurudi kwake?

Mleta mada

Mwombeni matokeo ya MDR1 ya mama na ya baba, kwa karatasi yenye jina la maabara na namba ya chipu ya mbwa, na mwombeni taarifa ya uchunguzi wa macho, kwa kuwa Sheltie hurithi kasoro ya macho inayofanana na ya Collie na huonekana mapema, mtoto akiwa na wiki sita hadi nane. Mwulizeni rangi za wazazi. Mwombeni mje kumwona mama akiwa nyumbani kwake, siku ambayo hamna nia ya kununua. Halafu mwulizeni yeye ana maswali gani kwenu. Mzalishaji makini atataka kujua nani anabaki nyumbani mchana, ua una ukuta au wigo, na mtoto mdogo ana umri gani, na huenda akawakatalia kwa sababu zilezile nilizozitoa mimi. Akikubali fedha kwa simu bila kuuliza lolote kati ya hayo, tafuteni mwingine.